Mfuko wa India na Umoja wa Mataifa: je, ushirika wetu wa mahindi unaweza kuomba?

Swali: "Mimi ni katibu wa ushirika wa wakulima wa mahindi kwenye barabara ya Kasumbalesa, nje ya Lubumbashi. Wengi wetu ni akina mama. Kila mwaka sehemu ya mavuno yetu huota ukungu ghalani, na wanunuzi wa mjini wanatuacha na kuchukua unga wa Zambia. Bwana mmoja ametuambia kuna mfuko wa India na Umoja wa Mataifa unaogawa dola milioni 150 kwa vikundi vya nchi maskini, na kwamba tukimpa dola 600 za kufungua dosye atatuombea mashine ya kukaushia mahindi. Wanachama wameanza kuchanga. Je, mfuko huo upo kweli? Sisi tunaweza kuomba? Na kwa nini India itusaidie sisi? Tunaogopa kudanganywa, lakini tunaogopa pia kupitwa na nafasi."

Mama katibu, nianze na lile lisiloweza kungoja: simamisheni mchango leo, na fedha zilizokwisha kukusanywa zibaki mikononi mwa mweka hazina mpaka mkutano wa wanachama uamue matumizi yake. Umoja wa Mataifa hautozi ada yoyote kwa kupokea, kusoma au kupitisha ombi la mradi, si kwa dola wala kwa faranga, wala hauna mawakala wanaofungua dosye kwa niaba yake mitaani. Mtu anayeomba dola 600 kwa kazi hiyo, hata kama ana barua yenye muhuri, anauza kitu asichokuwa nacho. Iwapo mmekwisha kumkabidhi kiasi fulani, andikeni tarehe, kiasi na majina ya mashahidi, mhifadhi jumbe zote zilizobaki kwenye simu, kisha mwende kwa wakili au kwa mwendesha mashtaka wa Jamhuri kabla bwana huyo hajahama.

Hata hivyo mfuko wenyewe upo, na hapo ndipo uongo wake unapopata nguvu. Mfuko wa Ubia wa Maendeleo wa India na Umoja wa Mataifa ulizinduliwa tarehe 8 Juni 2017, na unasimamiwa mjini New York na Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Ushirikiano wa Kusini-Kusini, yaani ushirikiano wa nchi zinazoendelea zenyewe kwa zenyewe. India iliahidi kuuwekea dola milioni 150 katika muda wa miaka kumi. Kati ya hizo, milioni 50 zimetengwa kwa nchi za Jumuiya ya Madola, ambazo ni pamoja na Zambia, Tanzania na Rwanda lakini si Kongo, kwa sababu nchi yetu si mwanachama wa Jumuiya hiyo. Sehemu iliyobaki hutazama hasa nchi zenye maendeleo duni kuliko zote, nchi zisizo na bahari, na nchi za visiwa vidogo. Kongo imo katika kundi la kwanza, kwa hiyo mlango haukufungwa kwetu. Ila tarakimu mliyotajiwa ni ya dunia nzima na ya muongo mzima, na miradi mingi huzungukia dola milioni moja au chini yake kwa nchi nzima au kwa nchi kadhaa kwa pamoja. Mradi wake wa kwanza, kwa mfano, ulihusu tahadhari ya mapema ya majanga ya hali ya hewa, na ulizihudumia nchi saba za visiwa vya Pasifiki kwa wakati mmoja.

Kosa kubwa katika maelezo mliyopewa ni kudhani kwamba fedha hizo hugawiwa vikundi. Huo si likelemba ambamo kila mmoja hungoja zamu yake apokee fungu mkononi. Utaratibu unaanza na serikali ya nchi inayohitaji, ambayo huandika ombi lenye kueleza tatizo, watakaonufaika na wizara itakayolisimamia. Ombi hilo huungana na shirika mojawapo la Umoja wa Mataifa lenye kazi inayofanana nalo, kama FAO kwa kilimo au UNDP kwa maendeleo ya jumla, na kwa pamoja huandaa andiko fupi linalochunguzwa na ofisi ya New York pamoja na ujumbe wa kudumu wa India katika Umoja wa Mataifa. Likikubaliwa, fedha hupelekwa kwa shirika hilo la utekelezaji, nalo ndilo linalonunua vifaa, kulipa wakufunzi na kutoa hesabu. Ushirika wenu unaweza kuwa ndani ya mradi wa namna hiyo kama mahali pa kazi na kama watu wa kazi, lakini hautashika akaunti yake. Nakueleza hili waziwazi kwa sababu vikundi vingi huvunjika moyo baadaye, vikidhani vimeibiwa na ONG au na serikali, kumbe havikuambiwa tangu mwanzo fedha hupita wapi.

Umeuliza pia kwa nini India itusaidie. Swali hilo ni la heshima na linastahili jibu kamili. Mwaka 1978, wajumbe wa nchi 138 walikutana Buenos Aires, Argentina, na tarehe 12 Septemba wakapitisha mpango wa utekelezaji uliosema kwamba nchi zinazoendelea zina ujuzi wa kupeana zenyewe, wala haiwezekani kila jambo lingoje fundi wa Ulaya au Marekani. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa hadi leo kama siku ya ushirikiano wa Kusini-Kusini. Wazo lililokuwa nyuma yake ni rahisi kulielewa kwa mkulima. Nchi iliyotoka njaani miaka hamsini iliyopita ingali na watu wanaokumbuka ilitokaje, na mbinu zake zilijaribiwa kwenye mashamba madogo, kwa fedha kidogo, chini ya jua kali na katika masoko yasiyo na barabara nzuri. Mbinu kama hizo hutufaa zaidi kuliko zile zilizobuniwa kwa mkulima mmoja mwenye trekta na hekta mia tatu.

Pamoja na nia hiyo kuna masilahi, na sioni sababu ya kuyaficha. India, China, Brazil na Afrika Kusini hutaka marafiki katika kura za kimataifa, masoko ya mashine zao na jina jema. China nayo ilitangaza mfuko wake wa dola bilioni 2 mwaka 2015, na mwaka 2022 ikasema umefikia bilioni 4. Masilahi ya mtoaji hayauharibu msaada, mradi mpokeaji ajue anachokitaka na asome masharti. Sharti la kwanza la kusoma ni kama fedha ni ruzuku au ni mkopo. Mfuko wa India na Umoja wa Mataifa hutoa ruzuku. Lakini bwawa la umeme la Kakobola, katika jimbo la Kwilu, lilijengwa kwa mkopo wa benki ya India ya biashara ya nje, na mkopo hulipwa na hazina ya taifa. Watu huyachanganya haya mawili kwa kuwa yote yana bendera ileile kwenye ubao wa mradi.

Mfuko unaofanana na huo, na ambao ni mkongwe zaidi, ni ule wa India, Brazil na Afrika Kusini unaoitwa IBSA. Uliundwa mwaka 2004, na kila moja ya nchi hizo tatu huweka dola milioni moja kwa mwaka. Kiasi hicho ni kidogo ukikilinganisha na bajeti za wafadhili wakubwa, lakini kazi yake imeonekana: nchini Guinea-Bissau ulisaidia mbegu bora za mpunga, mafunzo ya wakulima na umeme wa jua vijijini, Burundi ulisaidia kituo cha huduma za VVU na UKIMWI jijini Bujumbura, na Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wenu, uliingia katika kilimo na usindikaji wa soya. Huu wa Zambia ndio ningependa muutazame kwa makini, kwa sababu wakulima wake wanalima udongo ulio jirani na wenu, mwekundu na wenye asidi, katika nchi ya miombo yenye msimu mmoja wa mvua kuanzia Novemba hadi Aprili. Isitoshe, wengi wenu na wengi wao mnaelewana kwa Kibemba bila mkalimani. Safari ya mafunzo inayohitaji basi na hati ya kuvukia mpaka ina faida ambayo semina ya hoteli ya Kinshasa haiwezi kuileta.

Kuhusu mashine, nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu naujali mfuko wenu wa ushirika. Ombi linalosema "tunaomba mashine ya kukaushia" ni ombi dhaifu katika mifuko hii yote, na ni dhaifu kwa haki. Mashine hiyo inahitaji mafuta au umeme, fundi, vipuri na mtu wa kuilinda. Msimu wa pili mkanda ukikatika, itageuka kuwa kiti cha kuku. Mifuko ya Kusini-Kusini hulipa zaidi ujuzi unaohamishika: nani amelitatua tatizo hili, kwa njia gani, na namna gani ataonyesha wengine mpaka waweze bila yeye. Kifaa huja kama sehemu ya ujuzi huo.

Na tatizo lenu lina ujuzi wa kutosha katika ujirani. Ukungu unaouona ghalani huenda ni ule unaotoa sumu ya aflatoksini, sumu isiyoonekana kwa macho, isiyotoka kwa kupika bukari, na ambayo iliwaua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004 kati ya wagonjwa 317 walioorodheshwa. Kwa hiyo msilitazame kama suala la bei peke yake. Ukungu huo huanzia shambani, hushika kasi mahindi yakivunwa na kurundikwa yakiwa mabichi, na hukomaa ghalani pasipopita hewa. Kenya, Nigeria, Zambia na nchi nyingine zimesajili dawa ya kibaolojia iitwayo Aflasafe, iliyotokana na utafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, na washirika wake. Hutumia aina za ukungu uleule zisizotoa sumu, zilizochaguliwa katika udongo wa nchi husika, ambazo husambazwa shambani ili ziwahi nafasi na kuzibana zile zenye sumu. Mifuko ya plastiki yenye tabaka kadhaa isiyopitisha hewa nayo ilibuniwa kwa ajili ya kunde nchini Cameroon, ikaenea bara zima na kuingia kwenye mahindi. Huo ndio ushirikiano wa Kusini-Kusini ukiuona kwa jicho la mkulima: kitu kilichofanya kazi kwa jirani kinavuka mpaka na maelezo yake.

Basi njia zenu ni zipi? Ya kwanza ni kuingia katika ombi la serikali, kwa mfuko wa India na Umoja wa Mataifa au kwa IBSA. Hiyo ndiyo yenye fedha nyingi na ndiyo ndefu kuliko zote. Hesabuni zaidi ya mwaka mmoja tangu barua ya kwanza, na msifanye mpango wowote wa msimu ujao kwa kuitegemea. Kwa IBSA, serikali huanza kwa kuzungumza na wawakilishi wa nchi hizo tatu, na bodi ya mfuko, ambayo ni mabalozi wao mjini New York, ndiyo inayoamua. Ninyi hamwezi kuandika New York moja kwa moja. Mnaloweza ni kuiandikia wizara ya kilimo ya jimbo na Divisheni ya Plan, yaani ofisi ya mipango, mkiwapa takwimu zenu, ili Haut-Katanga iwe na jambo la kweli la kupeleka Kinshasa. Nawaomba msiidharau hatua hiyo. Afisa wa Plan mwenye karatasi mbili zilizoandikwa vizuri na wakulima wenyewe yuko mbali mbele ya yule anayetunga tatizo akiwa ofisini.

Njia ya pili haijulikani sana, na naipenda kwa ajili ya vikundi kama chenu. Ni Mfuko wa Dhamana wa Pérez-Guerrero, wenye jina la Manuel Pérez-Guerrero wa Venezuela, ulioundwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1983 kwa ajili ya nchi za Kundi la 77, ambalo ni umoja wa nchi zinazoendelea katika Umoja wa Mataifa. Mtaji wake hauguswi. Kinachotumika ni faida inayozaliwa na mtaji huo, na ndiyo maana ruzuku zake ni ndogo na hutolewa kama fedha za kuanzishia kazi. Sharti lake kuu ni kwamba nchi zisizopungua tatu zinazoendelea zishirikiane katika mradi mmoja. Kongo, Zambia na Malawi zingetimiza sharti hilo. Ushirika wenu peke yake hautaweza kuuongoza, lakini kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi au kituo cha Kipopo cha INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, kinaweza, kikiungana na wenzake wa Zambia na Malawi, nanyi mkawa shamba la majaribio. Washirika nao hutakiwa kuchangia sehemu yao ya gharama, na mara nyingi mchango huo ni mishahara, maabara na ardhi, vitu ambavyo chuo kinavyo.

Ya tatu si mfuko wa Kusini-Kusini kwa maana kamili, lakini nitaitaja kwa sababu ndiyo pekee kati ya hizi inayolipa vikundi vya wananchi moja kwa moja: Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira wa Dunia, iliyoanza mwaka 1992 na inayosimamiwa na UNDP, yenye mratibu wake Kinshasa. Kwa miaka mingi kikomo chake cha kawaida kilikuwa dola 50,000 kwa mradi. Inataka sababu ya kimazingira iliyo ya kweli. Kama baadhi yenu mnakausha mahindi kwa moto wa kuni au makala mvua za mwisho zinapowakuta, basi ukaushaji wa jua unaookoa miombo ni hoja halali. Kama hamfanyi hivyo, msiitunge, kwa maana watakuja kuangalia.

Kuna jambo dogo la nne ambalo halitawahusu ninyi wenyewe, bali agronomu wa eneo lenu. India ina programu ya mafunzo iitwayo ITEC tangu mwaka 1964, ambayo hugharimia tiketi ya ndege, malazi na masomo ya muda mfupi kwa watumishi kutoka nchi zinazoendelea, kwa kupendekezwa na serikali zao na kupitia ubalozi wa India. Masomo mengi hutolewa kwa Kiingereza. Mwulizeni agronomu wenu kama angependa kujaribu. Akirudi na ujuzi wa kuhifadhi nafaka, mtaufaidi kwa miaka.

Sasa, lolote mtakalochagua, mtaulizwa swali moja na kila meza: mnapoteza kiasi gani? Jibu la "mengi" halitoshi. Mavuno yajayo, chagueni maghala kumi ya wanachama na mpime. Chukueni chupa kavu ya kioo, tieni chumvi kavu kidogo na mahindi kiasi cha robo ya chupa, tikiseni kwa dakika moja, kisha acheni itulie. Chumvi ikigandamana ukutani mwa chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 na hayafai kuwekwa ghalani. Isipogandamana, yako chini ya hapo, ingawa kwa kuhifadhi muda mrefu lengo zuri ni asilimia 13 hivi. Andikeni tarehe, jina la shamba, idadi ya mifuko iliyoingia, na baada ya miezi mitatu idadi ya mifuko iliyotupwa au kuuzwa kwa bei ya kutupa. Daftari hilo la shule, lililojazwa kwa mkono na bila kuzidisha hesabu, lina thamani kuliko andiko la mshauri wa kukodi. Zile fedha mlizochanga, mkutano ukikubali, zinaweza kununua maturubai ya kuanikia mahindi yasiguse udongo, pamoja na nauli ya watu wawili au watatu kwenda kuwatembelea wakulima wa upande wa Zambia.

Mambo mawili yanahitaji mtu wa ana kwa ana, na hapo maandishi yangu hayatoshi. La kwanza ni sura yenu ya kisheria. Ushirika unaogawia wanachama faida unafuata sheria ya pamoja ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, ya tarehe 15 Desemba 2010, ambayo inatumika Kongo tangu tarehe 12 Septemba 2012. Shirika lisilo la faida, yaani ASBL, linafuata sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 na hupata utu wa kisheria kwa uamuzi wa Waziri wa Sheria. Vikundi vingi mjini vina statuti za ushirika na karatasi za ASBL, na ombi lao hukwama hapo hapo. Mpelekeeni wakili statuti zenu azisome kabla hamjaandika barua yoyote. La pili ni sumu yenyewe: mahindi yenye ukungu wa kijani au wa njano msiyachanganye na mazuri wala msiwape kuku na mbuzi, na mtu akila kisha akaanza kutapika, kuumwa tumbo na macho kugeuka manjano, apelekwe hospitalini siku hiyohiyo. Sampuli kutoka maghala mawili au matatu ipelekeni kitivo cha kilimo, mkaulize ni maabara gani inayoweza kuipima, gharama ni kiasi gani na nani wa kuzungumza naye kuhusu utafiti wa pamoja na Zambia. Nendeni na nakala ya statuti, orodha ya wanachama na daftari la maghala, nanyi ombeni kuonana na mkuu wa idara anayeshughulikia mazao, si mtu wa mapokezi tu.